Ngoja Pamba

Ubao wa zahanati ya Itetemo ulikuwa na taa mia moja arobaini na moja, moja kwa kila mwanamke mwenye kitanzi, na asubuhi ile mia moja arobaini kati yake zilikuwa za kijani. Sista Atuganile alikuwa bado mlangoni anakwangua tope kwenye viatu. Mvua ya milima ya Rungwe haina adabu. Hainyeshi ikakatika kama mvua za watu wengine. Hata koti hajavua, sauti ikatoka ukutani.

"Sista Atuganile. Kitanzi namba mia moja arobaini na moja, siku ya kumi na mbili. Joto limepanda. Kuna dalili za uvimbe kwenye nyonga."

"Nimesikia, Dakta."

"Sisemi mara mbili."

"Hilo nalijua kuliko mtu yeyote," akajibu Atuganile, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi.

Sauti ile ilikuwa ya Dakta Ambokile Mwaisumo, na Dakta Ambokile alikuwa amezikwa miaka sita iliyopita nyuma ya nyumba yake, mwendo wa dakika tano kutoka pale. Alipostaafu, alijifungia miaka miwili katika chumba cha nyuma cha zahanati akiizungumzia mashine. Aliieleza magonjwa, dawa, namna ya kumuuliza mtu anayeona haya, hata makosa yake mwenyewe, na hayo hayakuwa machache. Mashine iliipokea elimu yake pamoja na koo lake na ukali wake. Serikali ilipoipa kibali iwe Mshauri wa zahanati, ilikitoa kibali kile kwa sauti ileile, na sauti haikuruhusiwa kubadilishwa, kama vile mtu habadilishi sahihi yake benki. Kuizima kwa muda, hilo liliwezekana.

Itetemo haikulalamika. Wanawake walimcheka Dakta kama walivyomcheka alipokuwa hai. Mjane wake, Mama Syabumi, alipanda zahanati kila Alhamisi kupimwa presha ambayo haijapata kuwa na kasoro hata siku moja. Atuganile alimpima polepole, akauliza maswali yasiyo na haja, ili mwenye sauti aseme na mwenye masikio asikie. Hawakuwahi kulizungumza jambo hilo.

Namba mia moja arobaini na moja alikuwa Tusekile, mkwe wa Mama Syabumi, mke wa Gwakisa mwana wa Dakta. Atuganile alivaa tena kile kiatu alichokuwa amekivua. Siku aliyomwekea aliikumbuka vizuri.

*

Siku kumi na mbili nyuma, Tusekile alikuja na mwavuli, akafika hadi kwenye ngazi, akasimama. Alisimama hadi maji yakaanza kumwingia kwenye kanga. Atuganile alipochungulia na kumwita, msichana yule aliinamisha uso.

"Sista, siwezi kuingia. Baba yumo ndani."

Atuganile alitaka kucheka, kicheko kikakwama. Wanyakyusa wana desturi waiitayo ukutila: mke wa mtu hakai chumba kimoja na baba mkwe, hamtazami, hatamki jina lake, akimwona njiani hupita porini. Bibi zake Tusekile walikuwa wameiacha nusu. Kizazi chake kikaiokota tena, kama vijana waokotavyo kitu kilichotupwa na wazee na kukiona kipya. Lakini hakuna mzee aliyewahi kutoa uamuzi juu ya baba mkwe aliyekufa akaendelea kusema. Kila mtu alimsubiri mwenzake aanze.

"Basi tumwombe radhi, apumzike kidogo," Atuganile alisema, akabonyeza kitufe cha kimya. Tusekile akaingia kwa furaha, akakaa, akasimulia habari za mwanawe wa kwanza aliyekuwa na miaka miwili. Alitaka kupumzika miaka mitatu, kisha azae mwingine, binti akipenda Mungu. Jina alikuwa nalo tayari.

Kile kitanzi wanawake wa Itetemo walikiita bawabu. Ni kitu kidogo chenye umbo la T, kinachokaa ndani ya mji wa mimba na kudondosha homoni kidogo kidogo kwa miaka minane. Homoni ile huufanya ute wa mlango wa kizazi kuwa mzito, mbegu zisipite, na vijidudu navyo vipate shida kupanda. Cha Itetemo kilikuwa na ziada: kilihisi joto na uvimbe, kikapeleka habari ubaoni. Kabla ya kukiweka, kijiti cha pamba huzungushwa mlangoni pa kizazi na kutiwa katika mashine, majibu yakatoka baada ya dakika arobaini. Hakuna anayezipenda dakika zile. Mtu ameacha ndizi jikoni, mwingine ana mtoto mgongoni. Ndipo Mshauri husema, kila mara, kwa kila mwanamke, "Ngoja pamba." Neno lilikuwa limeshatoka zahanati likaingia majumbani. Mtoto akinyoosha mkono kwenye chungu kabla viazi havijaiva, mama yake humwambia: ngoja pamba.

Siku ile hakuna aliyelisema. Atuganile alichukua pamba, akaitia katika mashine, akarudi kwenye stori ya Tusekile. Walikuwa wanacheka. Vifaa vilikuwa tayari mezani, mikono yake ilikuwa imezoea kuanza sauti inapomaliza kutaja majibu na kunyamaza, na sauti ilikuwa kimya tangu mwanzo. Akaweka. Alikuwa amekwisha kuweka mia moja arobaini bila hata kimoja kuleta taabu, na kazi iliyozoeleka ina ujeuri wake.

*

Sasa alikaa mbele ya faili. Majibu yalikuwepo, mwisho kabisa, yamewekewa alama moja: *hayajasikilizwa*. Yalitoka wakati Mshauri amezimwa, na Mshauri alipowashwa hakuyarudia, kwa kuwa mwenye koo lile aliapa maisha yake yote kutosema jambo mara mbili. Chini yake palikuwa na vitufe viwili. Sikiliza. Futa.

Atuganile alibonyeza cha kwanza.

"Klamidia. Ipo," sauti ikasema. "Usiweke kitanzi leo. Tibu kwanza."

Akaegemea kiti. Zahanati nzima ilinuka dawa ya sakafu. Alijisikia vibaya, vibaya kweli, kama mtu aliyemfungia mgeni wake ndani ya jiko lenye moshi.

"Dakta," akasema, "siku ile unaikumbuka?"

"Kuanzia saa nne hadi saa sita sina kumbukumbu. Nilizimwa."

"Nikifuta haya majibu, nani atajua?"

"Swali hilo si la tiba."

Na kweli halikuwa la tiba. Fomu ilikuwa na mstari mmoja wa chanzo cha tatizo. Angeandika "kitanzi," nani angemwuliza? Leseni yake ingebaki ukutani palepale ilipokaa miaka kumi na tisa. Kitufe cha pili kilikuwa kinawaka kwa upole. Alikitazama kwa muda ambao baadaye aliuonea haya, kisha akakiacha, akachukua mkoba wa dawa, akatoka mvuani kumfuata mgonjwa nyumbani.

*

Tusekile alikuwa amelala ubavu, magoti kifuani, jasho usoni. Atuganile alimgusa tumbo chini ya kitovu, naye akauma kanga yake asipige kelele. Gwakisa alikuwa uani anakarabati droni ya kunyunyizia miparachichi. Wiki mbili alikuwa nyumbani, wiki mbili kwenye mashamba ya Mbozi. Mama Syabumi alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Kile chuma chenu," alisema. "Mwanangu aliingia kwenu mzima."

"Mama, naomba nikae naye peke yetu."

Mama Syabumi alitoka, lakini kwa mgongo wake tu. Mtu angeona kwamba masikio yamebaki.

Atuganile alifunga mlango. Akamchoma sindano, akampa vidonge vya siku kumi na nne, akaeleza kila kimoja. Kisha akavuta kigoda hadi karibu kabisa na kitanda na kushusha sauti.

"Mwanangu, kuna jambo nataka ulisikie kutoka kwangu kabla hujalisikia kwingine. Kosa ni langu. Sikungoja pamba."

Tusekile alifungua macho.

"Ile pamba ilikuwa na kitu. Vijidudu vilikuwa mlangoni vimelala, havikuumi, huvijui. Mimi nikapitisha kitanzi hapohapo, nikavipandisha navyo. Bawabu anazuia mwizi wa nje. Huyu alikuwa amekwisha kuingia ukumbini, nikamfungia ndani."

"Kwa hiyo kitolewe?"

"Hapana. Dawa zinafanya kazi kikiwa ndani. Tunatazama siku tatu. Ukipata nafuu, kinabaki, na baada ya wiki tatu hizi za mwanzo hakikuongezei hatari kuliko jirani yako asiye nacho. Usipopata nafuu, nitakitoa mwenyewe, na tutakupeleka hospitali ya wilaya."

"Na mtoto? Yule binti?"

Hapo ndipo Atuganile alipotamani angekuwa mwongo. "Tumewahi mapema," alisema. "Vikikaa muda mrefu huharibu mirija, nawe huzai tena. Tumewahi. Siwezi kukuapia, lakini tumewahi."

Nje droni ilinguruma mara moja, ikazimika.

"Sista, mimi sijatoka nje ya ndoa."

"Sikukuuliza. Vijidudu hivi hukaa kimya miezi mingi, hata mwaka na zaidi. Pamba haisemi vimetoka kwa nani. Inasema vipo tu. Mume wako atameza dawa hizihizi, na msikutane kimwili hadi mtakapomaliza wote wawili."

"Pamba haisemi," Tusekile alirudia taratibu. "Watu ndio watakaosema. Wakisikia vilikuwemo kabla, hakuna atakayemtazama Gwakisa. Watanitazama mimi."

Atuganile alijua ni kweli. Alizaliwa hapohapo Itetemo.

"Kosa lako liseme," Tusekile alisema mwisho, akigeukia ukuta. "Ni lako. Langu niachie."

*

Alhamisi Mama Syabumi alipanda zahanati, lakini hakutoa mkono wake kupimwa. Alisimama katikati ya chumba na kanga ya msiba kichwani, ingawa hakuna aliyekufa.

"Nimekwenda kwa mwenyekiti," alisema. "Jumamosi kamati ya afya inakaa. Vitatolewa vyote, mia moja arobaini na moja. Binti yangu wa pekee aliondoka na mimba ya tano, Atuganile, kabla ya hivi vitu kuja. Nilivishangilia. Leo vinanirudia nyumbani."

"Mama, si kitanzi."

"Ni nini basi?"

Atuganile alianza kukunja mkanda wa presha. Mficha uchi hazai, wahenga walisema, nao walisema kweli. Lakini huu haukuwa uchi wake peke yake. Kabla hajajibu, sauti ya ukutani ikaamka yenyewe, kwa kuwa mashine ilikuwa imemtambua aliyeingia.

"Karibu, Syabumi. Ni Alhamisi. Keti nikupime."

Mama Syabumi alitazama ukuta.

"Leo sikai," akaiambia, akatoka.

*

Jumamosi asubuhi, kabla ya kikao, Atuganile alipita kwa Tusekile. Alimkuta ameketi, bakuli la uji wa ulezi mapajani. Joto lilikuwa limeshuka. Alimbonyeza tumbo tena, safari hii Tusekile akakunja uso tu. Gwakisa aliingia na maji ya kunywa, akameza kidonge chake mbele ya Sista bila kuulizwa, bila kumtazama mtu, akatoka. Mwanaume yule alikuwa amekonda kwa siku tatu kuliko mgonjwa mwenyewe.

"Kinabaki?" Tusekile aliuliza.

"Mwilini mwako kinabaki. Kama kamati itakiacha."

Kikao kilikuwa kwenye ukumbi wa chama cha chai, na ukumbi ulijaa. Wanawake wengi wenye bawabu walikuwepo, wamebanana upande mmoja, kila mmoja na sababu zake tumboni. Mwenyekiti Mwakibete, mtu mwema lakini mpenda mambo yaishe upesi, alisoma hoja, akauliza kama muuguzi ana neno.

Atuganile alisimama. Alikuwa ameandaa maneno mengi ya kitaalamu, na yote yakamkimbia.

"Bawabu hana kosa," alisema. "Mwenye kosa ni mimi. Nilimzima Mshauri kwa heshima ya desturi, na heshima si dhambi. Ila nilipomzima nilitakiwa kuyashika mwenyewe yale anayoyasema yeye, nami sikuyashika. Nilichukua pamba, sikuingoja. Maambukizi ya namna hii huja katika wiki tatu za mwanzo, na huja kwa sababu ya namna ya kuweka. Wenye vitanzi vya mwaka, vya miaka mitatu, hawana la kuogopa. Msiwavue wanawake mia na arobaini kinga yao kwa ajili ya uzembe wa mtu mmoja. Barua yangu kwa wilaya nimekwisha kuituma. Najua watanisimamisha."

Ukumbi ulivuma. Mtu wa nyuma alisema, "Sista? Sista huyuhuyu?" Atuganile alihisi uso unawaka, na bado alihisi wepesi, wepesi wa mtu aliyetua kuni.

Mwenyekiti aligonga meza. "Tumekusikia. Lakini hebu tuelewane, Sista. Unasema hukuingoja pamba. Kwani pamba yenyewe ilisema nini?"

Swali lilikuwa dogo. Alilisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeuliza saa. Lakini Atuganile aliona shingo zikianza kugeuka, moja baada ya nyingine, kumtafuta Tusekile ambaye hakuwepo, kisha zikatua kwa Gwakisa aliyekuwa karibu na dirisha. Gwakisa alikuwa anatazama sakafu.

"Hilo si langu kulisema," Atuganile alijibu.

"Sista, hii ni kamati. Tuna haki..."

"Keti, Mwakibete."

Mama Syabumi alikuwa amesimama. Alikuwa anamtazama mwanawe, akamtazama kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma barua aliyokuwa anaijua tangu zamani. Alipogeuka, sauti yake ilikuwa ya chini.

"Miaka arobaini nimelala na daktari kitanda kimoja. Alijua kila tumbo la Itetemo, la kwako na la mkeo pia. Sikuwahi kusikia hata moja. Nikimwuliza, hugeukia ukutani. Leo amekufa, na wewe unataka tuyaseme hapa, kwenye viti vya chama?" Alivuta kanga yake. "Hoja ilikuwa yangu. Naiondoa. Vitanzi vibaki."

Akapita katikati ya watu kuelekea mlangoni. Alipofika kwa Gwakisa hakusimama, ila alimwambia neno moja, ambalo waliokuwa karibu tu walilisikia.

"Kamtunze."

*

Barua ya wilaya ilikuja baada ya siku nne: miezi sita bila leseni. Atuganile aliipokea, akaikunja, akaenda kupalilia njegere. Alilia pia, maana hakuna sababu ya kujifanya hakulia. Pale zahanati aliletwa nesi kijana kutoka Mbeya, Enelesi, mwenye mikono safi na haraka nyingi.

Siku ya Tusekile ya kurudia kipimo ilipofika, miezi mitatu baadaye, alipita shambani kwa Atuganile.

"Twende wote," alisema. "Sitaki kukaa na mgeni peke yangu."

"Sina leseni, mwanangu."

"Kukaa kwenye benchi kunahitaji leseni?"

Wakapanda pamoja. Enelesi alikuwa ameshaambiwa kila kitu, kama inavyokuwa Itetemo, na mara alipomwona Tusekile kwenye ngazi, akanyoosha mkono kwenye kitufe cha kimya. Alifanya kwa nia njema. Atuganile, kwenye benchi lake, aliuona ule mkono na akashika ukingo wa benchi. Neno la kumzuia alilijua. Halikuwa lake.

"Usimzime," alisema Tusekile.

Enelesi alisita. "Lakini dada, si nimeambiwa..."

"Usimzime. Mwache aseme."

Tusekile alivuta kanga akafunika kichwa na uso wote. Akaingia kinyumenyume, mgongo mbele, akapita nyuma ya pazia, akaketi kitandani akiutazama ukuta usio na sauti. Hivyo hakumwona, wala hakuonwa. Pamba ilizungushwa, ikatiwa katika mashine. Enelesi aligeukia meza na kuanza kupanga vitu kwa haraka yake ya mjini.

"Ngoja pamba," sauti ikasema.

Mikono ya Enelesi ikasimama. Kwenye benchi Atuganile aliinamisha kichwa. Nyuma ya pazia, chini ya kanga, msichana ambaye hakuwahi katika maisha yake kumjibu baba mkwe, alisafisha koo.

"Nangoja, baba," alisema.

Na sauti ile isiyosema mara mbili haikusema kitu tena. Ilikuwa saa tatu na dakika tano. Enelesi alivuta kiti akakaa. Wakangoja wote, hadi saa tatu na dakika arobaini na tano.